Constitution, Philadelphia, Enterprise au Intrepid: uchonge manowari ipi ya vita vya Tripoli?

Ukishachonga majahazi matatu manne, mkono huanza kuwasha. Unataka chombo chenye milingoti mirefu, kamba za kuvuruga macho na matundu ya mizinga ubavuni. Wengi wakifika hapo huangukia manowari za Marekani zilizopigana na Tripoli, bandari ya Libya ya leo, kati ya 1801 na 1805, kwa kuwa habari zake zimeandikwa sana na visa vyake havichoshi. Halafu wanakwama: ipi? Mwalimu anayetafuta meli moja ya kufundishia naye hukwama papo hapo, na mwanafunzi anayesaka mada ya insha pia. Nitamjibu mchongaji kwanza, hao wengine wachote chao humo humo.

Usuli kidogo. Wamarekani walipokuwa chini ya Uingereza, meli zao za biashara zilipita Mediterania kwa kivuli cha bendera ya Mwingereza. Walipojitenga kivuli kikaondoka, na watawala wa Afrika Kaskazini wakawa wanawatoza ada ya kupita, au kuwateka wasipolipa. Pasha wa Tripoli, Yusuf Karamanli, aliona analopewa ni dogo. Mei 1801 akaamuru mlingoti wa bendera kwenye ubalozi mdogo wa Marekani ukatwe, na huko ndiko kutangaza vita kwenyewe. Rais Thomas Jefferson akapeleka manowari.

Vitabu vya Kimarekani huwaita watu wa Tripoli maharamia. Mimi neno hilo naliweka kando. Walikuwa na idhini ya mtawala wao, kama walivyokuwa nayo manahodha wa Kiingereza na Kifaransa waliokuwa wakiteka meli za adui wakati wa vita. Mkuu wa vyombo vya Tripoli, Murad Reis, alikuwa Mskoti aliyezaliwa kwa jina la Peter Lisle. Mambo hayakuwa meupe na meusi kiasi hicho.

Tunapima kwa nini

Kila chombo nitakipitisha kwenye vigezo vile vile: umbo na matanga, mizinga na watu, kina, yaani chombo kinazama futi ngapi majini, kisa chake, na kazi mezani. Hicho cha kina wengi hukiruka, nami nakipa uzito kuliko idadi ya mizinga. Bandari ya Tripoli imekingwa na miamba na maji mafupi, na karibu kila lililotokea pale lilitokana na nani anaweza kuingia na nani lazima abaki nje.

Vipimo vya mezani nimevipiga kwa 1:96, maana yake futi 8 za meli ni inchi 1 ya modeli. Ni urefu wa bodi tu kwa kukadiria, mlingoti wa maji, ule unaochomoza mbele, haumo.

Constitution

*Umbo na matanga.* Frigeti kubwa: milingoti mitatu, matanga ya mraba, sitaha moja kamili ya mizinga na mingine juu yake. Ilishushwa majini Boston tarehe 21 Oktoba 1797. Mchoro ni wa Joshua Humphreys, bodi ina futi 204, na mataruma, yaani mbavu zake, ni ya mwaloni mgumu wa majimbo ya kusini, hasa Georgia. Mwaka 1803, kabla ya kwenda Mediterania, ilivikwa chini shaba mpya kutoka kiwanda cha Paul Revere.

*Mizinga na watu.* Kwenye daftari ni manowari ya mizinga 44. Sitaha ya mizinga peke yake ilikuwa na 30 ya ratili 24, na risasi yake moja ina uzito wa karibu kilo 11. Mabaharia na askari walikuwa wapatao 450. Kamanda wake, Edward Preble, alikuwa mtu wa hasira za karibu. Usiku mmoja wa Septemba 1803, jirani na Gibraltar, walikutana gizani na manowari nyingine. Preble akauliza chombo gani. Akarudishiwa swali lile lile. Wakaulizana hivyo mpaka akatishia kupiga. Sauti ya upande wa pili ikadai kuwa ni Donegal ya Mfalme wa Uingereza, mizinga 84, na kumtaka atume mashua. Preble akapanda ubavuni akajibu kwamba hii ni Constitution ya mizinga 44 na kwamba mashua hatumi kwa mtu, kisha akawageukia watu wake na kuwaambia wapulize tambi zao za kuwashia mizinga. Mashua ikaja kutoka upande ule. Kumbe ni Maidstone, frigeti ya mizinga 32, iliyokuwa ikinunua muda watu wake wakimbilie mizinga.

*Kina.* Hapa ndipo ukubwa unapogeuka mzigo. Inazama zaidi ya futi 20, kwa hiyo kuingia bandarini Tripoli haikuweza. Preble alilazimika kuazima kwa Mfalme wa Naples na Sisilia mashua sita za mzinga mmoja mmoja na vyombo viwili vya mizinga ya kurusha makombora juu juu. Mashua zile zilikuwa bapa chini, na kwa tanga zilikwenda ovyo hata nyingine zikavutwa. Lakini katika shambulio la 3 Agosti 1804 ndizo zilizofika karibu na adui, nayo Constitution ikazikinga kwa mizinga yake kutoka nje.

*Kisa.* Haina msiba wa Mediterania. Ilikwenda, ikapiga, ikarudi. Sifa zake kubwa zilikuja 1812 ilipoishinda Guerriere ya Waingereza. Ipo hadi leo, inaelea Boston. Na sisi wa pwani tunayo kamba ya kuifunga kwetu: katika safari yake ya kuzunguka dunia ilipita Zanzibar mwaka 1844, zama za Sayyid Said, merikani, kitambaa cha pamba cha Kimarekani, ikiwa tayari ni nguo ya kila soko.

*Kazi mezani.* Sentimita 65 za bodi. Ongeza mlingoti wa maji na foromali, boriti za kutundikia matanga, ujue meza ya kawaida haitoshi. Kamba zake ni kazi ya miezi, na mtu mwenye shughuli nyingine ahesabu mwaka. Kuna mtego humo ambao mimi mwenyewe niliuingia. Nilimaliza omo, yaani mbele ya chombo, kwa nakshi ya mzunguko kama inavyoonekana leo Boston, nikaandika chini "Tripoli 1804", nikajisifu. Kumbe 1804 kwenye gubeti, ncha ya mbele kabisa, palisimama sanamu ya Hercules! Iliharibika Septemba ya mwaka huo huo, Constitution ilipogongana na President, mwenzake wa kikosi. Rangi nazo ni hivyo hivyo. Mstari mweupe wa ubavuni ni wa baadaye. Wakati wa Tripoli ulikuwa wa manjano ya udongo. Nilifuta maandishi, sanamu sikuichonga. Uso wa mtu wenye urefu wa milimita chache si wa kila mkono.

*Inamfaa* mwenye subira, nafasi na bajeti ya mbao, na anayependa kuhakiki kila kamba kwa picha, maana chombo chenyewe bado kinapigwa picha kila siku.

Philadelphia

*Umbo na matanga.* Nayo ni frigeti ya milingoti mitatu, ila ndogo kidogo: takriban futi 157. Ililipiwa kwa michango ya wakazi wa mji ambao meli inabeba jina lake, mchoro ukiwa wa Josiah Fox, ikashushwa majini Novemba 1799.

*Mizinga na watu.* Hesabu ya daftari ni 36, mikubwa yake ikiwa ya ratili 18. Siku iliyotekwa ilikuwa na watu 307.

*Kina na kisa.* Kwa chombo hiki mambo haya mawili hayatenganishiki. Asubuhi ya 31 Oktoba 1803 nahodha William Bainbridge aliona chombo cha Tripoli kikitambaa kandokando ya pwani kuelekea bandarini, akakifukuza. Bildi za kupimia kina zilitiwa mfululizo, na pima zilizoitwa zilikuwa za kutosha. Hakuwa na chombo chepesi cha kumtangulia. Skuna yake, Vixen, alikuwa ameipeleka Cape Bon, rasi ya Tunisia, kutafuta adui wengine. Walipokaribia mji akaona hatakipata, akageuza kurudi baharini, na katika kugeuza huko meli ikapanda mwamba ambao haukuwa kwenye ramani yake. Omo likainuka, ubavu mmoja ukalala.

Kilichofuata kinasikitisha kwa mtu yeyote aliyewahi kuwa chomboni. Walijaribu kuivusha kwa matanga yote; ikazidi kupanda. Wakakata nanga. Wakatosa mizinga baharini, isipokuwa michache. Wakamwaga maji ya kunywa. Wakakata mlingoti wa omo. Haikutikisika. Mashua za Tripoli zilishaona kwamba meli imelala na zikakaa upande ule ambao mizinga iliyobaki haiwezi kuelekezwa. Baada ya saa kadhaa Bainbridge akaamuru chini kutobolewe, baruti ilowanishwe, bendera ishushwe.

Hapa msomaji wa pwani ya kwetu atauliza: si wangengoja maji yajae? Jahazi likipwelewa Zanzibar au Lamu, watu hupika chai wakisubiri bamvua au hata maji ya kawaida ya saa sita zijazo. Mediterania haina ukarimu huo. Kujaa na kupwa kwake Tripoli ni kidogo mno, haviinui frigeti. Kinachoinua maji pale ni upepo, na upepo ulikuja siku mbili baadaye, wenyewe wakiwa tayari kifungoni. Watu wa Tripoli wakaiondoa mwambani, wakaokota mizinga iliyotoswa, wakaitia nanga chini ya ngome yao. Pasha akawa na frigeti nzuri kuliko zote alizowahi kuota, bila kuinunua.

Bainbridge alimwandikia Preble kutoka kifungoni. Barua za kawaida juu, na katikati ya mistari maneno ya maji ya limau yanayotokea karatasi ikipashwa moto. Shauri lake lilikuwa moja: ichomeni. Ikachomwa, usiku wa 16 Februari 1804. Wafungwa wenyewe walikaa hadi Juni 1805, amani ilipofungwa kwa fidia ya dola 60,000.

*Kazi mezani.* Sentimita 50. Uzuri wake ni kwamba una meli mbili katika moja. Unaweza kuichonga ya 1800, milingoti mitatu imesimama; au ya usiku wa mwisho, bila mlingoti wa omo, foromali zimeshushwa, imefungwa nanga katika bandari ya watu. Hii ya pili ina kamba chache, na mtu anayeitazama huuliza mwenyewe: mbona imekatwa?

*Inamfaa* mwandishi wa insha kuliko wote, na mchongaji anayetaka ukubwa wa wastani. Haimfai anayetaka ushindi kwenye rafu yake.

Enterprise

*Umbo na matanga.* Skuna ya Baltimore ya mwaka 1799: milingoti miwili, matanga makuu yanayokaa kwa urefu wa chombo, na machache ya mraba juu. Aliyezoea jahazi hujisikia nyumbani hapa, kwa sababu tanga la namna hii hukaza na kubisha vizuri kuliko la mraba. Bodi ni futi 84 na ushei.

*Mizinga na watu.* Mizinga 12 midogo, ya ratili 6. Watu hawakufika 100. Kwa karatasi ni ya kuchekwa.

*Kina.* Kifupi, na ndiyo maana ilitumwa huku na huko vita vizima: kupeleka barua, kusindikiza, kupekua pwani. Chombo cha aina hii ndicho kilichokosekana mbele ya Philadelphia asubuhi ile.

*Kisa.* Tarehe 1 Agosti 1801, Luteni Andrew Sterett akiwa njiani kwenda Malta kuchukua maji, alikutana na chombo cha Tripoli cha mizinga 14, nacho kikiitwa Tripoli. Yeye alikuwa amepeperusha bendera ya Uingereza, akamuuliza nahodha yule anatafuta nini. Akajibiwa: Wamarekani. Bendera ikabadilishwa na mapigano yakachukua saa tatu kwa karibu sana. Taarifa ya Sterett inasema upande wa Tripoli ulishusha bendera na kuanza tena kupiga zaidi ya mara moja. Aliuhesabia wafu 30 na majeruhi 30, na kwake hakuna hata mmoja. Ni taarifa ya upande mmoja, isome hivyo. Kilichonivutia ni mwisho wake. Sterett hakuwa na ruhusa ya kuteka meli, maana Bunge lilikuwa bado halijaitoa. Akatosa mizinga ya chombo kile cha Tripoli baharini, akakata milingoti, akawaachia kijitanga cha kurudia nyumbani.

*Kazi mezani.* Sentimita 27. Inakaa juu ya kabati la vitabu. Jihadhari na mwaka: Venice waliijenga karibu upya majira ya baridi ya 1804 na 1805, na baadaye ikabadilishwa matanga ikawa brigi, yaani ya matanga ya mraba kwenye milingoti yote miwili. Picha za skuna na picha za brigi hubeba jina lile lile, na wanaozichanganya ni wengi.

*Inamfaa* anayetoka kwenye majahazi na kuchonga manowari yake ya kwanza.

Intrepid

*Umbo na matanga.* Kechi ya futi 60 hivi, milingoti miwili, mkubwa mbele na mdogo nyuma. Haikuzaliwa Marekani hata kidogo. Ilijengwa Ufaransa mwaka 1798 kwa safari ya Napoleon kwenda Misri, ikauzwa, ikawa ya Tripoli kwa jina la Mastico, na Desemba 1803 ikatekwa na Enterprise chini ya Stephen Decatur.

*Mizinga na watu.* Mizinga minne, na hakuna anayeikumbuka kwa hiyo. *Kina* chake ni cha chombo cha wenyeji, na sura yake pia, ndiyo siri yote.

*Kisa.* Decatur alijaza ndani watu 70 na ushei, wakakaa humo karibu wiki mbili, dhoruba ikiwachelewesha na nyama ya chumvi imeoza. Jioni ya 16 Februari upepo uliwapeleka haraka kuliko walivyotaka. Wangepunguza matanga wangeshukiwa, maana kila nahodha akiona bandari machweo hukimbilia ndani. Basi wakaacha matanga wazi na kuburuta vitu majini nyuma ya shetri vya kuwazuia. Nakipenda kituko hiki: kwa anayetazama kutoka ngomeni, chombo kina haraka, kumbe kimeshikwa mkia.

Rubani wao, Salvador Catalano wa Sisilia, aliongea na walinzi wa Philadelphia: nanga zetu zimepotea kwenye dhoruba, turuhusuni tujifunge kwenu hadi asubuhi. Wakaruhusiwa, hata kamba wakapokelewa. Walipogundulika walikuwa ubavuni tayari. Kazi ilikwisha kwa dakika kama 20, kwa panga na moto, bila Mmarekani kufa. Mizinga ya Philadelphia ilikuwa imeshindiliwa. Ilipopata moto ikaanza kujipiga yenyewe, mingine kuelekea mjini.

Septemba 4 mwaka huo huo Intrepid ilijazwa mapipa ya baruti kama 100 na makombora 150, ipelekwe tena gizani ilipukie katikati ya vyombo vya Tripoli. Ililipuka kabla ya kufika. Watu 13 waliokuwemo wakafa wote, pamoja na kamanda wao Richard Somers, na makaburi ya baadhi yao yako Tripoli hadi leo.

*Kazi mezani.* Sentimita 19, kiganja cha mtu mzima. Mbao kidogo, kamba kidogo, na uhuru mwingi, kwa sababu wachoraji waliichora kila mtu kwa namna yake.

*Inamfaa* anayeanza, na mwalimu. Watoto huisikiliza hadi mwisho.

Kwa hali yako

Kama una mwaka, meza ndefu na mkono uliokwisha zoea kamba, chukua Constitution, lakini amua mwaka kabla hujashika patasi: Hercules au nakshi, manjano au nyeupe. Kama safari ya Boston haimo ndotoni mwako na picha ndizo utakazotegemea, bado hii ndiyo yenye picha nyingi kuliko zote.

Kama unaandika insha, chukua Philadelphia. Ina kosa, ina kifungo, ina barua ya limau, na ina swali ambalo walimu wawili hawatalijibu sawa: je, Bainbridge alikosea kukifukuza kile chombo cha Tripoli, au alikosea kuiachia Vixen iende?

Mwenye miezi mitatu na majahazi kadhaa rafuni, Enterprise. Matanga yake utayaelewa kabla ya kufungua mchoro.

Mwenye kipande cha mvule kilichobaki na likizo ya wiki mbili, Intrepid. Akiipenda kazi, mwaka unaofuata achonge Philadelphia kwa kipimo hicho hicho na kuziweka bavu kwa bavu, sentimita 19 kwa 50, kamba moja ikitoka ndogo kwenda kubwa. Kwenye ile kubwa mlingoti wa omo asiuweke.